Kambale wamejaa mayai, mbona hawatagi?

SWALI: Nina bwawa la udongo la mita 10 kwa 15 hapa Chamwino, Dodoma, na kambale wapatao 40 waliobaki baada ya kuvuna. Tangu Oktoba majike wana matumbo makubwa, na mmoja tuliyemchinja alikuwa na mayai tele. Lakini sijaona kifaranga hata mmoja. Mwanangu amesoma shuleni habari za samoni, samaki anayetoka baharini, anapanda mto, anataga, kisha anakufa. Ananiuliza kama kambale naye anahitaji mto ili atage, na kama atakufa akishataga. Langu mimi ni hili: nifanyeje nipate vifaranga vyangu mwenyewe badala ya kununua kila msimu?

JIBU: Tuanze na la mwanao, maana ndani yake ndimo lilimo jibu lako.

Samoni ni jina la kundi, si la samaki mmoja. Yupo wa Atlantiki, wa aina moja tu, na wapo wa Pasifiki wa aina kadhaa. Kwa kawaida huanguliwa kwenye maji baridi ya mtoni, yaani yasiyo na chumvi, hukulia baharini, kisha hurudi kutaga kwenye mto uleule walikozaliwa. Wapo wanaopanda mto Yukon zaidi ya kilomita 3,000, kutoka pwani ya Alaska mpaka ndani ya Kanada, na wakishaingia maji baridi hawali tena. Njiani wanatumia mafuta na nyama ya miili yao wenyewe. Mto wa kwao wanautambua kwa harufu, jambo ambalo mtaalamu wa Marekani Arthur Hasler na wenzake walilifanyia majaribio kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1950: kila kijito kina harufu yake ya udongo na mimea, na samaki mdogo huikariri kabla ya kushuka baharini.

Wakifika, jike hutafuta mahali penye changarawe na maji yanayotembea. Hulala ubavu, hupiga mkia kwa nguvu, na mkondo hubeba mawe madogo mpaka shimo linapatikana. Dume husogea ubavuni mwake, wote wawili humwaga kwa sekunde chache, kisha jike husogea mbele kidogo kuelekea juu ya mto na kupiga mkia tena. Changarawe inayotoka kwenye shimo jipya ndiyo inayofunika mayai ya shimo la kwanza. Mayai ni makubwa, kama punje ya njegere, na jike mmoja hutoa elfu chache tu. Kwenye maji ya nyuzi 8 za Selsiasi yai huchukua kama miezi 2 kuanguliwa. Kitoto kikitoka hubaki chini ya mawe wiki kadhaa kikila kiini chake, ndipo hutoka kutafuta chakula. Baadaye, kwa aina nyingine baada ya miezi michache na kwa nyingine baada ya miaka, mwili hugeuka kuwa wa rangi ya fedha, matamvua na figo hujiandaa kwa maji ya chumvi, na samaki hushuka baharini.

Kuhusu kufa, mwanao yuko sahihi kwa samoni wa Pasifiki. Hao karibu wote hufa ndani ya siku au wiki chache baada ya kutaga: kortiso, homoni ya msongo wa mwili, hupanda mno, kinga ya mwili huporomoka, ngozi hushika ukungu, na mwili umeshajila. Mizoga yao hurutubisha mto, na wadudu wanaonufaika nayo huwa chakula cha samaki wadogo. Samoni wa Atlantiki ni tofauti. Wengi hufa, lakini baadhi hurudi baharini na kuja kutaga tena.

Sasa mweke kambale pembeni yake. Gramu 1 ya mayai ya kambale ina mayai 600 hadi 700. Jike wa kilo 1 hubeba mayai elfu 60 bila shida. Hachimbi shimo, hafuniki mayai, halindi watoto, na hafi. Yai lake huanguliwa kwa siku moja hivi kwenye maji ya vuguvugu. Tofauti hiyo inatokana na maji ambayo kila mmoja hutagia. Samoni hutagia mto wa baridi usiokauka, anaweza kuliacha yai chini ya mawe msimu mzima. Kambale hutagia nyasi zilizofunikwa na mafuriko, na mafuriko ya kwetu unayajua: korongo linajaa leo, kesho kutwa ni mchanga. Yai likichelewa, limekaukia kwenye majani.

Kwa hiyo jibu la mtoto ni hili: kambale hahitaji mto kama mto. Anahitaji maji yapande. Mvua kubwa za kwanza zikinyesha, maji ya mto Bubu yakishuka kutoka Kondoa na kutanda Bahi, kambale waliokuwa wamekaa kwenye vidimbwi vya kiangazi huanza kutembea usiku kuelekea maji mapya yasiyo na kina, kwenye mbuga na kwenye majaruba ya mpunga. Huko dume hujikunja kama pete kuzunguka kichwa cha jike, wakatulia hivyo sekunde kadhaa, jike akamwaga mayai na dume mbegu, kisha jike akapiga mkia kuyasambaza. Mayai yana gundi, hushika kwenye nyasi. Hurudia hivyo mara nyingi usiku huo, kisha wazazi hurudi kwenye maji ya kina na kuyaacha.

(Mwanao akitaka samaki wa kwetu anayefanana na samoni zaidi kuliko kambale, msimulie ningu wa Ziwa Victoria, ambaye hupanda mito kama Kagera kutaga wakati wa mvua. Uvuvi wake ulikuwa mkubwa sana zamani. Ukaporomoka katikati ya karne iliyopita kwa sababu nyavu zilitegwa midomoni mwa mito, zikawa zinamnasa akiwa na mayai tumboni kabla hajataga. Ndiyo maana inauma kuona watu wakiziba korongo kwa uzio mvua za kwanza zinapofika na kuwajaza kambale kwenye viroba. Jike mmoja wa namna hiyo ni maelfu ya samaki wa mwakani.)

Sasa bwawa lako. Jike wako hana upungufu wa mayai. Kambale wa kufugwa akishafikisha umri wa mwaka hivi, akala vizuri, na maji yakawa juu ya nyuzi 22, huweza kuwa na mayai yaliyokomaa karibu mwaka mzima. Yanafika hatua ya mwisho kabisa na kusimama hapo. Kinachoyazuia kimo kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, yenye homoni ya kuyaachia mayai. Ubongo nao unatoa kemikali iitwayo dopamini, inayoishikilia tezi hiyo isimwage homoni yake. Mafuriko, yaani maji yanayopanda ghafla, majani yaliyozama na maji mapya ya mvua, ndiyo yanayofungua kizuizi hicho. Bwawa lenye kina kilekile wiki hadi wiki halimwambii samaki lolote. Asipotaga, mwili huyanyonya mayai na kuanza kutengeneza mengine.

Inawezekana pia kwamba walishataga bila wewe kujua. Maji ya mvua yakiingia bwawani kwa kasi na kufunika nyasi za kingo, kambale hutaga hata humo. Lakini wazazi wenyewe, vyura na wadudu wa majini huwamaliza watoto kabla hujaamka. Bwawa lenye kambale wakubwa 40 si mahali pa kifaranga cha milimita 6.

Kutegemea kupandisha maji peke yake, yaani kukausha bwawa kisha kulijaza ghafla na kuwaweka wazazi, kuna siku kunafanya kazi na siku nyingi hakufanyi. Kwa Dodoma, ambako maji yenyewe ni ya kuhesabu, sikushauri. Njia ya uhakika ni kumpa jike homoni kwa sindano, yaani wewe uwe mafuriko.

Kabla ya sindano, fanya hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapojiangusha. Bwawa lako ni mita za mraba 150. Ukipandikiza vifaranga 5 kwa mita ya mraba unahitaji 750 tu. Jike wa gramu 800 atakupa karibu gramu 100 za mayai, yaani zaidi ya elfu 60. Mkulima mgeni hujaribu kuyaangua yote, anajaza beseni, maji yanaoza usiku, asubuhi vyote vimekufa. Wewe chukua gramu 20. Hayo ni mayai elfu 13 hivi. Nusu yakianguliwa una 6,500, na ukifikisha theluthi yao wiki ya tano una vifaranga 2,000. Vya kwako vinatosha, na vya jirani vipo.

Chagua pia miezi. Juni na Julai usiku wa Dodoma ni wa baridi, maji yanashuka kuelekea nyuzi 20, kila kitu kinakwenda polepole na ukungu unapata muda wa kula mayai. Kati ya Oktoba na Machi ndipo kazi hii inapokubali.

Mjue jike aliye tayari. Geuza samaki tumbo juu. Dume ana kinyama kirefu chenye ncha nyuma ya tundu la haja. Jike ana uvimbe wa mviringo wenye mpasuko, na akiiva huwa mwekundu na umetuna. Tumbo liwe laini na limejaa mpaka upande wa nyuma, si tumbo la chakula. Ukiminya polepole kuelekea nyuma, mayai machache yatoke yenyewe: ya rangi ya kijani inayoelekea kahawia, yanalingana, na kila moja limeachana na jingine. Yakiwa meupe, madogo au yameshikana kama uji ulioganda, mrudishe, huyo bado au amepitiliza. Majike wa gramu 500 hadi kilo 1 ndio rahisi kushika. Dume awe na umri wa mwaka hivi. Wote wasile kwa saa 24 hadi 36 kabla ya kazi, la sivyo utakamua kinyesi pamoja na mayai, na kinyesi kitaharibu mbegu.

Homoni unaweza kuipata kwa njia mbili. Ya dukani, kama Ovaprim, kipimo chake ni mililita 0.5 kwa kilo 1 ya jike. Ya nyumbani ni tezi ya kambale mwingine aliyekomaa, dume au jike, mwenye uzito sawa na jike unayemchoma: tezi moja kwa jike mmoja. Mchinje, kata fuvu kutoka upande wa kinywa, yaani toa kaakaa, utaona chini ya ubongo kitu cheupe chenye wekundu kidogo, kama lulu ndogo. Kitoe kwa kibanio bila kukipasua. Kisage kwenye kinu kidogo safi na mililita 2 za maji ya chumvi: gramu 9 za chumvi kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Acha machicha yatulie, vuta maji ya juu kwa sindano. Nyama ya samaki huyo ni kitoweo kama kawaida, hakuna kinachopotea.

Choma kwenye nyama ya mgongo, kati ya pezi la juu na ubavu, sindano ikilala nyuzi 30 hadi 45 kuelekea mkiani, iingie kama sentimita 2. Sukuma polepole. Ukichomoa, bana tundu kwa kidole na kusugua, kwa sababu dawa hurudi nje kwa urahisi, na dawa iliyorudi nje ndiyo sababu ya kwanza ya jike "kukataa". Muweke jike peke yake kwenye chombo chenye maji ya kutosha, funika kwa wavu na uweke jiwe juu. Ataruka. Ukiwaweka majike wawili pamoja wataumana.

Kuanzia hapo kipimajoto ndicho saa yako. Maji yakiwa nyuzi 20, jike atakuwa tayari baada ya saa 21 hivi. Nyuzi 22, saa 15 na nusu. Nyuzi 25, saa 11. Nyuzi 28, saa 8. Nyuzi 30, saa 7. Pima maji, usipime hewa, na upime zaidi ya mara moja: ndoo iliyokuwa nyuzi 27 saa 12 jioni inaweza kuwa nyuzi 23 alfajiri, hasa ikikaa sakafuni. Chukua wastani. Ukiwa na wastani wa nyuzi 26, choma saa 3 usiku, kamua saa 1 asubuhi. Ukikamua mapema mayai hayatoki au yanatoka na damu. Ukichelewa saa 2 au 3 yanatoka vizuri kabisa, yanapendeza machoni, lakini yameshazeeka na hayashiki mbegu. Kosa hili la pili ndilo linalowachanganya watu wengi, kwa sababu kwa macho huoni kosa lolote.

Robo saa kabla ya kukamua, andaa mbegu. Dume wa kambale hakamuliki, umbile lake haliruhusu. Lazima achinjwe na korodani zitolewe. Zikiwa nyeupe kama maziwa na zimejaa, ni nzuri. Zikiwa nyembamba na za kijivu, tafuta dume mwingine, ndiyo maana utenge madume 2 hata kama unahitaji 1. Zifute damu, zikaushe kwa karatasi laini, ziweke kwenye kikombe kikavu. Kikavu kabisa. Mbegu ikiguswa na maji huamka, huogelea kwa muda unaopungua dakika moja, kisha imekwisha.

Mfute jike kwa taulo kavu, tumbo na mkia. Mtu mmoja amshike kichwa, mwingine mkia, wa tatu aminye kwa kidole gumba kutoka kwenye mapezi ya mbele kuelekea nyuma, juu ya beseni kavu la plastiki. Mayai yatatiririka kama uji mzito. Ukilazimika kutumia nguvu, acha, subiri nusu saa. Ukiona damu, acha moja kwa moja. Ingawa unahitaji gramu 20 tu, mkamue yaliyolegea yote ili yasiozee tumboni.

Pima gramu zako 20. Kata korodani kwa wembe na uminye matone juu ya mayai, koroga kwa unyoya safi wa kuku. Sasa tu ndipo unamimina maji safi, kiasi kinacholingana na mayai, na kukoroga polepole dakika 1. Katika dakika hiyo mbegu huamka na kuingia, na tundu dogo la yai hufunga. Suuza mara moja, kisha tandaza haraka, kwani gundi inaanza kushika.

Kitanda cha mayai ni fremu ya mbao ya sentimita 50 kwa 50 yenye chandarua kilichovutwa. Kiwe kisichowahi kutiwa dawa ya mbu hata kidogo, maana kufua hakuiondoi yote: dawa ile inaua samaki kwa kiasi kidogo sana. Kilaze sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa maji, kwenye beseni au nusu ya pipa la lita 200, mayai yakae safu moja. Yai limevimba na halipiti kwenye tundu, ila kitoto kikianguliwa kinajipenyeza na kushuka chini, mayai mafu yakabaki juu. Kwa nyuzi 25 huchukua kama saa 27, kwa nyuzi 28 saa 22, na kwa nyuzi 20 saa 57. Yale yasiyoshika mbegu utayaona yakigeuka meupe kabla ya hapo. Vitoto vikishashuka, ondoa fremu taratibu ndani ya saa chache. Ukiiacha mpaka kesho, mayai yaliyooza yataua waliozaliwa.

Maji ya bomba yana klorini, yaache wazi siku 1 hadi 2 kabla ya kuyatumia. Maji ya kisima kirefu mara nyingi hutoka na hewa kidogo, yamwagie kwa juu au yapulizie. Kisima chenye maji ya kuonja chumvi, na Dodoma vipo vingi, usikitumie kwa mayai. Pampu ndogo ya hewa ni ya lazima, na iwe na betri au sola. Umeme ukikatika saa 3 usiku wa siku ya pili, huna kitu asubuhi, kwa sababu kitoto cha kambale hakiwezi bado kuvuta hewa juu kama baba yake. Kiungo cha kuvutia hewa hukomaa baada ya wiki 2 hivi.

Siku 3 za kwanza havili, vinatumia mfuko wa kiini. Vinajikusanya pembeni gizani kama kifungu cheusi, hivyo funika nusu ya chombo. Walio wazima hukusanyika, vilema na wafu hutawanyika katikati. Nyonya hao kwa mrija, badilisha theluthi ya maji kila siku kwa maji ya joto lilelile.

Siku ya 3 au ya 4, kiini kikibaki kidogo, chakula kianze. Hapa uwe mkali. Kiini cha yai la kuku ambacho watu wanakisifia kinachafua maji kuliko kinavyolisha, na pumba au mashudu ya alizeti si chakula cha umri huu. Wanataka viumbe hai: artemia, yaani vijidudu vya maji ya chumvi vinavyouzwa kama mayai makavu ya kuangua, au vijidudu vya majini unavyoweza kuzalisha mwenyewe. Wiki moja kabla ya kuchoma sindano, jaza tangi jingine, ning'iniza kiroba cha samadi ya kuku, maji yatageuka kijani kisha utaona vijidudu vikirukaruka. Vikusanye alfajiri kwa kitambaa, vichuje kwenye chandarua ili wadudu wakubwa wasiingie, lisha mara 4 hadi 6 kwa siku. Taratibu changanya na unga laini sana wa chakula cha samaki chenye protini karibu asilimia 50.

Baada ya siku 10 hadi 14 hamishia kwenye kibwawa cha kulelea, kilichokaushwa kabisa kwanza. Kijaze siku 3 hadi 5 tu kabla, sentimita 30 hadi 40. Ukikijaza wiki 3 mapema, kereng'ende watakuwa wameshataga, na lava wao, yaani watoto wao wanaoishi majini, wanakamata vifaranga mmoja mmoja. Zungushia bati au wavu wenye matundu madogo, ncha ya chini izikwe ardhini. Ni kwa ajili ya vyura. Vyura na viluwiluwi wao ndio maadui wakubwa kuliko ndege yeyote, na mkulima asiyeweka uzio huvuna viluwiluwi. Pandikiza 50 kwa mita ya mraba, asubuhi, ukichanganya maji ya chombo na ya bwawa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane.

Kisha kuna kulana. Kifaranga kimoja kikitangulia kukua, huanza kwa kuwang'ata wenzake mikia, baadaye huwameza mzimamzima. Dawa yake ni kushibisha na kutenganisha. Kila wiki hivi, vichuje kwa ndoo iliyotobolewa matundu ya kipimo kimoja: wadogo hupita, wakubwa hubaki na wanahamishwa.

Kama kumchinja dume na kukamua kunakutisha mwaka huu, ipo njia ya katikati. Mchome jike kipimo kamili na dume nusu yake, uwaweke pamoja jioni kwenye tangi lililofunikwa, chini umetandaza nyuzi za katani zilizooshwa vizuri. Watagiane wenyewe usiku, asubuhi uwatoe wazazi na uache mayai kwenye katani. Matokeo yanapanda na kushuka, na dume mkorofi anaweza kumjeruhi jike, lakini kwa vifaranga 750 inaweza kukutosha.

Usiwachome wote 40. Tenga majike 4 na madume 6 kwenye kibwawa chao, wape chakula kizuri, na ukihitaji damu mpya pita kwa afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kuchukua wazazi Hombolo, Mtera au Bahi. Wachukuliwe kwenye maji ya kina wakati wa kiangazi, wasiviziwe korongoni wakipanda.

Jike uliyemkamua, mkate ncha ndogo ya pezi la mkia umtambue, mpumzishe wiki 6 hadi 8, kisha mwite mwanao mumgeuze tumbo juu pamoja. Atakuta mayai yameanza kujaa tena kwenye samaki yuleyule.